TAWA: Anayemlinda tembo ndiye anayeuza kibali cha kumwinda

Na Mwandishi Wetu

KATI ya Septemba 2023 na Machi 2024, tembo madume wasiopungua watano waliuawa na wawindaji wa kitalii katika ukanda wa Enduimet, wilayani Longido, karibu na mpaka wa Tanzania na Kenya. Hawakuuawa na majangili. Waliuawa katika uwindaji wa kitalii, shughuli inayoruhusiwa na sheria za nchi na inayoendeshwa kwa leseni za Serikali.

Hata hivyo, vifo hivyo vilizua kelele kubwa ndani na nje ya Afrika Mashariki. Tembo wa ukanda huo ni wale wale wa Hifadhi ya Amboseli nchini Kenya, ambao watafiti wamekuwa wakiwafuatilia mmoja mmoja tangu mwaka 1972. Miongoni mwao wamo madume wachache waliobaki barani Afrika wenye meno marefu yanayokaribia kugusa ardhi. Tembo hao hawaujui mpaka uliochorwa na wakoloni. Hulala Kenya wakaamkia Tanzania.

Katikati ya miaka ya 1990 tukio la namna hiyo liliwahi kutokea likaleta malalamiko makubwa. Tangu hapo, kwa takriban miaka 30, wawindaji waliacha kuwapiga risasi tembo wa eneo hilo la mpakani, kwa maelewano ambayo hayakuwahi kuwa sheria. Maelewano hayo ndiyo yaliyovunjika mwaka 2023.

Mjadala uliofuata uliwagawa watu katika pande mbili. Upande mmoja ulisema uwindaji ni ukatili usiostahili kuendelea katika karne hii. Upande wa pili ulisema Tanzania ni nchi huru, ina sheria zake, na haipaswi kupangiwa na majirani wala Wazungu namna ya kutumia maliasili yake.

Katika mabishano hayo, swali la msingi lilisahaulika. Nani aliamua kwamba tembo wa eneo lile wanaweza kuwindwa? Aliamua kwa hesabu gani? Na nani alipaswa kumkagua aliyeamua?

Kwa sehemu kubwa, majibu ya maswali hayo yanaelekea mlango mmoja: Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, maarufu kama TAWA, pamoja na Wizara ya Maliasili na Utalii iliyo juu yake. Ni mamlaka hiyo inayomlinda tembo dhidi ya majangili, na ni hiyo hiyo inayosimamia biashara ya kumuuza kwa mwindaji.

Kofia nyingi kichwa kimoja

Ili kuelewa jinsi tulivyofika hapa, hatuna budi kurejea nyuma.

Mwaka 1973 Serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 12 ya 1974. Uwindaji wa kitalii ulifunguliwa tena mwaka 1978 ukiwa chini ya shirika la umma la TAWICO. Mwaka 1988, upepo wa biashara huria ulipoanza kuvuma, kampuni binafsi ziliruhusiwa na mapori yakagawanywa katika vitalu.

Kwa miaka mingi kazi yote hiyo ilikuwa mikononi mwa Idara ya Wanyamapori. Idara ndiyo iliyotunga sera, iliyogawa vitalu, iliyopanga mgawo wa wanyama wa kuwindwa, iliyokusanya ada na iliyopeleka askari porini. Wapo waliolalamika mapema kwamba hapakuwa na jicho la pili. Ndiyo maana Sheria mpya, Namba 5 ya 2009, ilielekeza kuundwa kwa mamlaka inayojitegemea. TAWA ilitangazwa rasmi mwaka 2014 na ikaanza kazi kikamilifu Julai 2016.

Majukumu yake si haba. Hifadhi za taifa, ambako uwindaji hauruhusiwi kabisa, ziko chini ya TANAPA. Ngorongoro ina mamlaka yake. Wanyamapori walio nje ya maeneo hayo, yaani katika mapori ya akiba, mapori tengefu na hata wale wanaoingia mashambani mwa watu, kwa jumla wako chini ya uangalizi wa TAWA. Askari wake ni sehemu ya jeshi usu. Wao ndio wanaopambana na majangili, wao ndio wanaoitwa tembo anapovamia shamba la mahindi, na mamlaka yao ndiyo inayosimamia leseni za uwindaji. Tangu kanuni za mwaka 2020 ziliporuhusu mabucha ya nyamapori, hata kitoweo cha swala kinachouzwa mjini kinapaswa kupitia utaratibu huo.

Ni kweli kwamba kuundwa kwa TAWA kulitenganisha kwa kiasi fulani utungaji wa sera na utendaji. Lakini mgongano wa asili haukuondoka. Ulihama ofisi tu. Chombo kinachopaswa kusema "hapana, mwaka huu wanyama wamepungua" bado ndicho kinachotarajiwa kuleta mapato, na mafanikio yake hupimwa pia kwa makusanyo. Iwe fedha hizo zinabaki kwake au zinakwenda Hazina, kishawishi ni kile kile.

Biashara ya vitalu

Historia ya bei za vitalu inaonyesha jinsi muuzaji asiyekaguliwa anavyoweza kuipunja nchi yake bila hata kuiba.

Kabla ya mageuzi, kampuni ililipa Dola za Marekani 7,500 kwa mwaka kwa kitalu kimoja, kiwe kikubwa au kidogo, kiwe na wanyama tele au kikavu. Bei hiyo haikutokana na ushindani wowote. Haikushangaza basi kwamba baadhi ya Watanzania waliopewa vitalu waligeuka madalali, wakavipangisha kwa wageni kwa bei kubwa zaidi na kubaki wakihesabu faida mijini. Watafiti walioandika kuhusu jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walieleza wazi kwamba Serikali ilikuwa ikipoteza fedha nyingi.

Sheria ya 2009 ilileta mfumo wa madaraja. Kitalu cha daraja la kwanza kilitakiwa kulipiwa Dola 60,000 kwa mwaka, na cha mwisho kabisa Dola 5,000. Lakini aliyepata na aliyekosa bado alijulikana kwa uamuzi wa waziri, akishauriwa na kamati. Oktoba 2017, Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati huo, Dk. Hamisi Kigwangalla, alitangaza kufutwa kwa utaratibu huo na kwamba vitalu vitagawiwa kwa mnada. Minada ya kielektroniki ilianza mwaka 2019.

Hatua hiyo ilikuwa sahihi kwa maana ya uwazi. Lakini ilikuja wakati soko lenyewe limedorora. Kampuni nyingi zilikuwa zimeshavirudisha vitalu vyao kwa maelezo kwamba havilipi tena. Mwaka huo huo wa 2019 Serikali ilimega kilomita za mraba 30,893 kutoka Pori la Akiba la Selous na kuanzisha Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, eneo ambalo tangu hapo si la kuwinda tena.

Msomaji wa mjini anaweza kudhani kitalu kisicho na mwindaji ni habari njema kwa wanyama. Si lazima iwe hivyo. Ada ya mwindaji husaidia kulipa mafuta ya gari la doria, posho ya askari na matengenezo ya barabara ya porini. Kitalu kinapokosa mwekezaji, na Serikali isipopeleka fedha nyingine mahali pake, watakaoingia kwanza ni wachoma mkaa, wapasua mbao na wawindaji wa nyaya. Wanyama hawatapigwa risasi za leseni. Watanaswa mitegoni, tena bila kuhesabiwa.

Nani anahesabu wanyama?

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima.

Uwindaji wa kitalii unasimama juu ya mgawo, yaani idadi ya wanyama wa kila aina wanaoruhusiwa kuwindwa katika kitalu kwa mwaka. Mgawo ukiwa sahihi, uwindaji ni sawa na kuchuma matunda na kuuacha mti. Ukiwa na kosa, ni kukata mti wenyewe.

Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, hufanya sensa kwa ndege. Njia hiyo inafaa kwa tembo na nyati, wanyama wakubwa wanaoonekana kutoka angani. Lakini chui hahesabiki kwa ndege, na simba vivyo hivyo. Pamoja na hayo, chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Viumbe vilivyo Hatarini, CITES, Tanzania ina mgawo wa chui 500 kwa mwaka. Pale sensa inapokosekana, wapangaji wa mgawo hulazimika kutegemea taarifa za doria na maelezo ya wenye vitalu wenyewe, watu ambao biashara yao inahitaji mgawo uwepo.

Kwa miaka mingi kulikuwa pia na kanuni iliyoitaka kampuni kulipia angalau asilimia 40 ya thamani ya mgawo wake, hata kama haikuwinda kiasi hicho. Nia ilikuwa kuzuia vitalu kukaa bure. Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Mgawo mkubwa ulimaanisha malipo makubwa ya lazima, hivyo muuzaji hakuwa na sababu ya kifedha ya kuupunguza; naye aliyekwisha kulipa hakuwa na sababu ya kuacha kupiga risasi.

Ipo, hata hivyo, mifano inayoonyesha kwamba mambo yanaweza kwenda vizuri. Utafiti ulipobainisha kuwa uwindaji ulikuwa umechangia kupungua kwa simba nchini, Serikali iliweka kanuni kwamba simba dume asiwindwe kabla ya kufikisha miaka sita. Sababu ni ya kibaolojia: dume kijana akiuawa, dume mwingine huingia katika kundi na kuwaua watoto aliowakuta. Risasi moja huua wengi. Meno na fuvu la simba aliyewindwa hukaguliwa ili kujua umri wake, na anayekiuka hukabiliwa na adhabu. Hiyo ndiyo maana ya jicho la pili: mtaalamu anayeitazama nyara baada ya mwindaji kulipa, na anayeweza kusema mnyama huyu hakustahili kuuawa.

Kwa tembo kanuni ni tofauti. Anayeruhusiwa kuwindwa ni yule ambaye jino lake lina uzito usiopungua kilo 20 au urefu usiopungua sentimita 160. Kanuni hiyo iliwekwa kuwalinda tembo wadogo, na imefanya hivyo. Lakini kwa upande wa pili inamwelekeza mwindaji kwa madume wazee wenye meno makubwa. Tafiti za muda mrefu za Amboseli zimeonyesha kwamba madume waliovuka miaka 35 ndio wanaozalisha sehemu kubwa ya watoto, na kwamba madume vijana hujifunza tabia na njia kutoka kwao. Katika kundi la maelfu ya tembo, kuuawa kwa madume watano ni tone baharini. Katika ukanda mdogo ambako madume wa aina hiyo wanahesabika kwa vidole, watano katika miezi saba ni pigo.

Sheria haikuvunjwa Enduimet. Tatizo ni kwamba hapakuwa na chombo huru chenye nguvu ya kusema kwamba kanuni inayofaa kwa nchi nzima haifai mahali pale.

Somo la Selous

Wapo watakaosema dawa ni kupiga marufuku uwindaji, basi. Wapo watakaosema uwindaji ndio uliookoa wanyama wetu. Historia haimpi ushindi yeyote kati yao.

Tutazame Selous. Mwaka 1976 eneo hilo lilikadiriwa kuwa na tembo 109,000 hivi. Ujangili wa miaka ya 1980 uliwamaliza wengi, hadi Serikali ilipoendesha Operesheni Uhai mwaka 1989. Kwa msaada wa Ujerumani, ulianzishwa pia mradi wa kuihifadhi Selous, na mwaka 1994 pori likaruhusiwa kubaki na sehemu ya mapato yake, mengi yakiwa ya uwindaji. Doria zikaimarika. Tembo wakaongezeka tena hadi kufikia makadirio ya 70,000 katikati ya miaka ya 2000.

Kisha utaratibu wa kubakiza mapato ukadhoofika, fedha zikapungua porini, na wimbi jipya la ujangili likaingia likisukumwa na bei ya meno ya tembo barani Asia. Sensa ya mwaka 2013 ilikuta tembo 13,084 tu. Kwa nchi nzima, tembo waliokadiriwa kufikia 109,000 mwaka 2009 walikuwa wamebaki takriban 43,000 mwaka 2014. Mwaka huo UNESCO iliiweka Selous katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Ikumbukwe kwamba katika vipindi vyote viwili, cha neema na cha maafa, uwindaji wa kitalii uliendelea Selous. Kilichobadilika ni fedha na uwajibikaji wa wale waliopewa kulinda.

Kenya nayo ina somo lake. Ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Marufuku hiyo haikuzuia tembo wake kushuka kutoka makadirio ya 167,000 mwaka 1973 hadi kama 16,000 mwaka 1989. Hali ilianza kubadilika baada ya kuundwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, KWS, lililopewa silaha, magari na kiongozi mwenye msimamo, marehemu Richard Leakey. Sensa ya mwaka 2021 ilipata tembo 36,280. Lakini wanyama wengine wa nyika za Kenya hawakupata bahati hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kwa jumla walikuwa wamepungua kwa asilimia 68 tangu mwaka 1977, kwa sababu mfugaji na mkulima wanaoishi nao hawakuona faida ya kuwavumilia.

Kwa hiyo, marufuku peke yake haimlindi mnyama, na leseni peke yake haimlindi. Anayemlinda ni askari aliyelipwa na mwanakijiji aliyeridhika.

Wanaoishi na wanyama

Mwanakijiji huyo ndiye anayesahaulika zaidi katika mijadala ya mijini.

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha Sh1 milioni kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyamapori, na kifuta jasho cha kuanzia Sh25,000 kwa ekari ya mazao yaliyoharibiwa. Majina yenyewe yanajieleza. Serikali haikusema ni fidia. Ilisema ni kitambaa cha kufutia machozi. Mkulima aliyepoteza msimu mzima kwa usiku mmoja akiweka kifuta jasho hicho kando ya ada ya kitalu ya Dola 60,000, atajiuliza tembo ni wa nani: ni wa Serikali anapouzwa, na wa kijiji anapokula mahindi?

Mfumo wa Hifadhi za Jamii, ulioanza kwa kanuni za mwaka 2002, ulikusudiwa kujibu swali hilo. Vijiji hutenga ardhi, huunda jumuiya, na hupata mgawo wa mapato ya utalii na uwindaji. Enduimet yenyewe ni mojawapo. Kwa hiyo wanaolaani uwindaji wa pale hawana budi pia kueleza ni fedha gani nyingine zitakazowafikia wafugaji wa Longido. Lakini kwa muda mrefu malalamiko ya jumuiya hizo yamekuwa kwamba fedha za uwindaji hupita kwanza serikalini, hukaa, kisha hurudi zikiwa pungufu na zimechelewa. Namibia, ambayo ilibadili sheria yake mwaka 1996, ilichagua njia tofauti: jumuiya huingia mikataba na kampuni na kulipwa moja kwa moja. Leo nchi hiyo ina hifadhi za jamii zaidi ya 80.

Mahali ambapo wananchi hawakushirikishwa, uwindaji umeacha makovu. Sakata la Loliondo liliibuliwa na mwandishi Stan Katabalo katika gazeti la Mfanyakazi mwaka 1993, baada ya kibali cha uwindaji kutolewa kwa wakubwa kutoka Falme za Kiarabu. Miongo mitatu baadaye, Juni 2022, uwekaji wa mipaka ya eneo la kilomita za mraba 1,500 katika Loliondo hiyo hiyo uliishia kwa vurugu. Askari polisi mmoja aliuawa, wananchi walijeruhiwa na wengine walikimbilia Kenya. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Operesheni Tokomeza iliyolenga majangili ilisimamishwa baada ya Bunge kuelezwa kuhusu mateso na vifo vya raia, na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Nguvu bila uwajibikaji ni ujangili wa aina nyingine.

Soko lisilo mikononi mwetu

Kuna hatari nyingine ambayo TAWA haiwezi kuipuuza. Wateja wa uwindaji wetu ni wageni, na sheria zinazoamua kama mgeni anaweza kurudi kwao na nyara hazitungwi Dodoma.

Aprili 2014 Marekani ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania, ikisema haikuridhishwa na usimamizi wetu. Mwaka 2015, baada ya simba aliyejulikana kwa jina la Cecil kuuawa Zimbabwe, Ufaransa ilizuia nyara za simba na Marekani ikakaza masharti yake. Nchini Uingereza muswada wa kuzuia nyara ulikwama katika Baraza la Malodi mwaka 2023, lakini waliouandaa hawajakata tamaa.

Tunaweza kuyaita hayo ukoloni mambo leo, na huenda yapo ya namna hiyo ndani yake. Lakini ukweli wa biashara haubadiliki: muuzaji ambaye mteja wake haamini mizani yake hatauza. Kila tukio kama la Enduimet, hata likiwa halali, hupunguza imani hiyo. Tembo watano wanaweza kuifungia milango biashara ya vitalu ambavyo havihusiani nao hata kidogo.

Nini kifanyike?

Katika fedha za umma, nchi hii imekubali kanuni moja: anayetumia fedha hajikagui mwenyewe. Ndiyo maana tuna Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ripoti yake kila mwaka husomwa hadi vijiweni. Wanyamapori ni mali ya umma kama fedha. Hakuna sababu ya kuwanyima mkaguzi.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha hesabu na mauzo. TAWIRI, au chombo kingine kisichopata senti kutokana na leseni, kipewe kisheria kauli ya mwisho juu ya mgawo, kwa kila kitalu na kila aina ya mnyama. Pasipo na sensa ya karibuni, pasiwe na mgawo. TAWA ibaki na kazi ya kulinda na kusimamia, kazi ambayo peke yake inatosha kumchosha yeyote.

Pili, mgawo na matokeo ya uwindaji vichapishwe kila mwaka, kitalu kwa kitalu: wangapi waliruhusiwa, wangapi waliwindwa, umri na ukubwa wa nyara, fedha zilizolipwa na zilizofika kijijini. Mnada wa kielektroniki ulifungua mlango wa nani anapata kitalu. Mlango wa nini kinatendeka ndani ya kitalu bado haujafunguliwa vya kutosha.

Tatu, Tanzania na Kenya ziyaandike maelewano ya mpakani badala ya kuyaacha yategemee hisani ya wawindaji. Nchi moja ina haki ya kuwinda na nyingine ina haki ya kukataza, lakini tembo wa Amboseli na Enduimet ni kundi moja. Eneo maalumu la mpakani lisilo na uwindaji wa tembo, pamoja na mpango wa fedha mbadala kwa jumuiya ya Enduimet, halitapunguza uhuru wa nchi yoyote.

Nne, fedha za doria zisiachwe zitegemee mwindaji anayeweza kutokuja mwakani. Selous imetufundisha kwa gharama kubwa kinachotokea mkondo wa fedha unapokatika.

Hayo yote yako ndani ya uwezo wa Bunge na Wizara. Kila mwaka Waziri wa Maliasili na Utalii husimama Dodoma kusoma bajeti yake, na wabunge humuuliza kuhusu makusanyo. Ni vyema safari ijayo wakamuuliza pia idadi: tembo, simba na chui wangapi wako katika kila kitalu, na nani aliyewahesabu. Mwenye duka asiyejua akiba ya ghala lake hufurahia mauzo kila siku, hadi asubuhi anapofungua mlango na kukuta rafu tupu.